Mwanakondoo Asiye na Kichwa

Sajenti Tecla Nyandwi alikuwa amepeleleza wizi wa ng'ombe wilayani Ngara kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitwa kwa ajili ya mnyama wa uzi. Lakini Alhamisi ile, saa tatu asubuhi, alikuwa amesimama ndani ya karakana ya ushonaji ya masista, Mugoma, daftari mkononi, akimkagua mwanakondoo kama alivyozoea kukagua ng'ombe waliokamatwa mnadani: miguu, mgongo, mkia, alama.

Miguu ilikuwa minne. Manyoya yalikuwa ya uzi mweupe unaong'aa, na begani palikuwa na bendera ndogo ya ushindi. Ila shingo ilifika mahali ikaishia hapo. Kichwa hakikuwepo.

"Jumatatu, saa nane mchana," alisema Sista Speciosa, msimamizi wa karakana, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye miwani iliyofungwa kamba. "Kompyuta ilizimika, mashine ya kudarizi ikasimama, kichwa kikabaki huko huko."

"Huko wapi?"

"Ndani ya kompyuta."

Tecla akaandika: *Kichwa kipo ndani ya kompyuta.* Akayasoma maneno yake, akayakata kwa mstari.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kasula, vazi la kuadhimishia misa, na mwenye kulivaa alikuwa Shemasi Hakizimana, aliyekuwa apewe upadri Jumamosi, kesho kutwa, wa kwanza kutoka kijiji kile. Mama yake alikuja Jumanne kulitazama. Alipomwona mwanakondoo alikaa chini sakafuni na kulia mpaka akapikiwa uji. Tangu hapo kijiji kizima kilikuwa kinasema ni ishara, na kila mtu alikuwa na yake ya kueleza ishara ya nini.

"Kompyuta imetengenezwa," alisema kijana mmoja aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya meza. Huyo alikuwa Frednand, fundi aliyeitwa kutoka Ngara mjini. "Nimebadilisha diski ya ndani, nimepiga Windows upya kupitia kompyuta yangu. Ni nzima kabisa, afande. Tatizo ni kwamba haijui tena kudarizi. Programu ya kudarizi, pamoja na picha zake zote, inaingizwa kwa CD, na CD yenyewe ndiyo hiyo."

Alimpa kasha la plastiki. Juu yake palikuwa na picha ya mzungu anayetabasamu mbele ya cherehani. Tecla alilifungua. Ndani palikuwa na CD isiyo na picha yoyote, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: HARUSI 2.

"Si muipakue kwenye mtandao?" aliuliza Tecla, ambaye alikuwa amewasikia wanawe wakisema hivyo kuhusu kila kitu.

Frednand alitikisa kichwa. "Hii mashine waliletewa na wafadhili miaka kumi na tano iliyopita. Kampuni iliyotengeneza programu yake ilishafungwa. Aliyeinunua anashughulika na mashine mpya tu. Nimetafuta siku mbili, afande, na nusu ya muda simu yangu ilikuwa imeshika mtandao wa ng'ambo, inanikaribisha Burundi."

"Kwa hiyo duniani kote programu hii ipo kwenye CD moja?"

"Duniani kote sijui. Mugoma ni moja."

Tecla alivuta kiti akaanza kazi. Kabati lililokuwa na kasha halikuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima, bawaba zina kutu ya siku zote. Wenye ufunguo walikuwa wawili: Sista Speciosa na Febronia, mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye ndiye mwendeshaji wa mashine. Kasha halikuwahi kufunguliwa kwa miaka mingi kwa sababu halikuhitajika.

"Lakini Sista anajuaje kwamba CD ilikuwepo, ikiwa halifunguliwi?"

"Nalitikisa," alisema Sista. "Kila Jumamosi nikifuta vumbi. Nikisikia inagonga, najua ipo."

"Na Jumamosi iliyopita iligonga?"

"Iligonga vizuri sana."

Tecla alilitikisa kasha karibu na sikio lake. Kweli, harusi ya watu iligonga vizuri sana. Akaandika: *Mwizi ameacha kitu ili kasha ligonge. Mwizi anajua kwamba Sista hutikisa. Mwizi amekuwa humu siku ya Jumamosi.* Wezi wa ng'ombe aliowajua hawakuwahi kuacha ng'ombe mwingine zizini ili mwenye mali asione pengo. Huyu alikuwa mwizi mwenye aibu.

"Iwashe hiyo harusi," alimwambia Frednand.

Kompyuta ya masista ilikuwa ya zamani, ya kukaa chini ya meza, na ilikuwa na mlango wa CD uliotoka nje kama ulimi. Ikakoroma. Kwenye kioo ukumbi ukatokea, maputo, meza kuu, keki ya ngazi tatu, na mbele ya keki mwanamke aliyevaa gauni la kijani akicheza kwa bidii, amefumba macho, huku watu wakimpisha. Kisha picha ikakwama, mguu wake mmoja ukiwa juu.

Watu wote waligeuka kumtazama Febronia.

"Huyu ni nani?" aliuliza Tecla.

"Anafanana na mimi."

"Anafanana?"

"Ni mimi, afande," alisema Febronia. "Ila hapo nilikuwa na furaha."

Ikajulikana kwamba ilikuwa harusi ya mdogo wake, iliyofanyika Nyarubungo, upande wa Biharamulo, na kwamba CD zake zilikuwa tatu. Tecla akamtuma nyumbani azilete, akisindikizwa na mgambo. Akarudi na mfuko wa nailoni. Namba moja ilikuwepo. Namba tatu ilikuwepo.

"Febronia. Ufunguo unao. CD iliyowekwa ndani ya kasha ni yako. Niambie kitu cha kunifanya nisikuandike."

Machozi yalimjaa Febronia machoni. "Namba mbili nilimpa fundi, afande! Inakwama pale pa keki, umeona mwenyewe. Akasema ataisafisha."

"Fundi huyu?"

"Mimi nimeanza kuja Jumanne," Frednand akasema haraka.

Febronia akamtazama Sista. Sista akatazama dirisha.

"Fundi wa zamani," alisema Febronia. "Gozbert, wa Nyakahura. Alikuja mwezi wa pili kupuliza vumbi kwenye kompyuta. Ilikuwa Jumamosi."

Tecla alifunua ukurasa mpya. "Sista, mbona hukumtaja?"

"Uliuliza wenye ufunguo, afande. Hukuuliza mafundi."

"Sasa nauliza. Huyo Gozbert aliwahi kuitaka hii CD?"

"Hakuna mtu niliyempa ruhusa ya kuichukua," alisema Sista Speciosa, na akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.

Tecla aliliandika jibu hilo neno kwa neno, akalipigia mstari. Mtu akiulizwa swali moja akajibu jingine, kwa uzoefu wake, ana ndama kwenye zizi la nyuma.

Alikuwa anavaa kofia ya pikipiki pale mgambo alipokuja mbio kusema kwamba CD zimeonekana. Zilikuwa kumi na moja, na zilikuwa zinang'aa juani katika shamba la mtama la mzee Habimana, zimefungwa kwa uzi kwenye miti. Utaratibu ni utaratibu. Tecla aliingia shambani, akazishika moja moja, akazisoma. Nne zilikuwa za kwaya. Tano zilikuwa za filamu za mapigano. Moja ilikuwa mafunzo ya kompyuta, hatua ya kwanza. Ya mwisho ilikuwa imepauka, haisomeki, na alipojaribu kuifungua uzi, mzee Habimana alitokea kwenye mtama akiwa na jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ukiichukua hiyo, utakaa hapa ufukuze ndege wewe?"

"Nafanya uchunguzi, mzee."

"Chunguza ikiwa hapo hapo juu."

Akaichunguza hapo hapo juu. Haikuwa yenyewe, tundu la katikati lilikuwa limepanuliwa kwa msumari wa moto, na uzi wake ulikuwa umeoza kwa mvua za misimu mingi. Wakati anatoka, baiskeli mbili zikapita barabarani, kila moja ina CD nyuma ya kiti ili gari liione gizani. Hizo nazo akazisimamisha. Saa nzima ikapotea hivyo.

Ni pale alipokuwa anamrudishia mwenye baiskeli CD yake ndipo alipogundua kosa lake. Kila mtu Mugoma alikuwa na CD. Hakuna aliyekuwa na pa kuiingiza. Akageuza pikipiki, akarudi karakana.

"Frednand, kompyuta yako unaingiza CD wapi?"

Frednand alimwonyesha kompyuta yake, nyembamba kama sahani. Tecla aliigeuza pande zote nne kama mtu anayetafuta tundu kwenye sufuria inayovuja.

"Za siku hizi hazina, afande. Waliacha kuweka."

"Basi mimi sitafuti nani aliichukua. Natafuta nani ana mlango wa kuipitishia. Nihesabie."

Frednand alihesabu kwa vidole, na vidole vilibaki vingi. Kulikuwa na hii ya masista. Kulikuwa na moja pale studio ya picha Ngara mjini, lakini mwenyewe aliufanya ule ulimi wa CD sehemu ya kuwekea kikombe cha chai mpaka ukavunjika. "Halafu kuna Gozbert. Yeye anayo milango minne."

Barabara kutoka Mugoma mpaka Nyakahura ni ndefu kwa mtu aliyekaa juu ya pikipiki ya serikali. Tecla alipita Ngara mjini, akateremka mpaka njia ya malori yanayokwenda Rusumo, na alipofika saa tisa alasiri alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Kwa kuwa alikuwa ameingia wilaya ya watu, Biharamulo, alianza kituo cha polisi cha pale kujitambulisha. Askari wa zamu aliuliza kilichoibwa. Tecla alimwambia ni CD. Askari aliuliza ni ngapi. Tecla alimwambia ni moja. Askari alimwandika kitabuni polepole sana, akimtazama kila baada ya neno.

Kibanda cha Gozbert kilikuwa kando ya soko, mlango umefungwa. Jirani yake alikuwa Marsiana, muuza chai na chapati, ambaye hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Ameenda shule kutengeneza printa. Atarudi saa kumi. Kuna nini, afande? Ni kwa ajili ya ile ya masista?"

Tecla aliweka kikombe chini. "Ipi ya masista?"

"Mimi sikusikiliza," alisema Marsiana. "Ukuta ni wa mbao. Maneno yalikuja yenyewe. Alikuwa anaongea na simu, mwezi wa tatu hivi. Akasema: ile ya masista nimeichoma."

"Nimeichoma?"

"Nimeichoma. Halafu akasema: ukitaka, nitakuchomea na wewe." Marsiana alijipiga msalaba. "Mtu mpole namna hii. Hata kuku hachinji mwenyewe."

Tecla alisimama. Nyuma ya kibanda palikuwa na shimo la taka, na ndani ya shimo majivu. Aliazima kijiko, akachota vijiko vitatu, akavitia katika bahasha ya kaki, akaandika juu yake: MAJIVU. YANADHANIWA KUWA YA CD.

"Hayo ni ya jiko langu, afande," alisema Marsiana.

"Yote?"

"Tangu Jumapili ni yangu yote. Kijiko nacho ni changu."

Tecla alirudisha kijiko, akabaki na bahasha.

Gozbert alifika saa kumi kasoro, amebeba printa kifuani kama mtoto mgonjwa. Alikuwa mtu mfupi wa miaka arobaini, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Aliona sare, akaweka printa chini taratibu.

"Unajua kwa nini niko hapa?" aliuliza Tecla.

"Nadhani ni kwa ajili ya CD ya masista."

Tecla hakuwa amezoea hivyo. Wezi wake huanza kwa kukana kwamba ng'ombe wapo duniani.

"Uliichukua?"

"Niliichukua, afande."

"Ukaichoma?"

"Niliichoma. Ilichukua dakika kumi na nane."

"Ukiwa na akili zako timamu?"

"Huwa nachoma polepole makusudi, ndiyo zinatoka nzuri."

Marsiana, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aliachia sauti ndogo. Tecla akafungua bahasha. "Haya ndiyo mabaki yake?"

Gozbert alichungulia. "Hayo ni majivu."

"Najua ni majivu. Ulitumia moto gani?"

"Moto?" Gozbert alimtazama Sajenti, akaitazama bahasha, akamtazama Marsiana. Kisha akajifunika mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kutikisika, lakini alijizuia kwa sababu ya sare. "Samahani, afande. Kuchoma CD ni kunakili. Unachukua yaliyomo kwenye moja, mashine inayaandika kwenye nyingine kwa mwanga mkali. Ndiyo tunaita kuchoma. Ile ya kwanza haiguswi hata kidogo."

Tecla alikunja bahasha mara mbili, akaitia mfukoni. "Kwa hiyo ile ya masista ni nzima."

Uso wa Gozbert ulibadilika. Alikaa juu ya kigoda.

"Hapana," alisema. "Ile imevunjika."

Aliinama chini ya meza, akavuta sanduku la bati la shule, akalifungua. Ndani CD zilipangwa wima, mamia, kila moja katika bahasha yake ya karatasi, na kwenye kila bahasha mwandiko mdogo safi: jina, mwaka, ilikotoka. Alipitisha kidole juu yake kama mwalimu anayetafuta daftari la mtoto, akatoa bahasha mbili. Katika ya kwanza mlikuwa na vipande vinne vinavyong'aa, na kipande kimoja kilikuwa na nusu ya mzungu anayetabasamu. Katika ya pili mlikuwa na CD nyeupe imeandikwa: KUDARIZI, MUGOMA, NAKALA.

"Nilitaka kuchoma ya pili, iwe akiba ya akiba," alisema. "Ilikuwa imechoka tayari, ina ufa mwembamba karibu na tundu. Mashine ilipoanza kuizungusha kwa kasi, nikasikia paa! Nilikaa hapa na vipande mpaka saa moja. Ningerudi vipi Mugoma? Nimwambie Sista nini?"

"Uliiba."

"Niliichukua Jumamosi, kabati likiwa wazi kwa ajili ya kufuta vumbi, nikitegemea kuirudisha Jumamosi nyingine. Nikaacha ile ya harusi ya Febronia kwa sababu nilimwona Sista anatikisa kasha."

"Kwa nini hukumwomba tu?"

"Nilimwomba mara tatu!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nilimwambia, Sista, plastiki hii inakufa, inakufa ikiwa imekaa kabatini. Akaniambia kwenye kijitabu imeandikwa ni marufuku kunakili, na yeye hawezi kuiba."

Tecla alifunua daftari mpaka kwenye jibu alilolipigia mstari. Akaweka alama ya vema.

"Na hizi zote?" aliuliza, akionyesha sanduku.

"Programu za watu. Hii ni ya printa ya shule, kiwanda kilishaacha kuitoa. Hii ni ya mizani ya kahawa. Hii ya mashine ya vipimo vya macho. Watu wanakuja kutoka Ngara, kutoka Chato, wengine wanavuka mpaka. Kompyuta ikifa, mtandao unakupa kilichopo leo, afande. Cha jana hakiko."

"Si ungeweka kwenye flashi? Naona kila mtu anatembea nayo."

"Ndiyo maana siiweki. Flashi inaingia kila kompyuta, ikitoka imeokota virusi vya wilaya nzima. CD ukishaichoma imefungwa, hakuna anayeingiza kitu tena. Na kompyuta kama ile ya masista, ukiichomekea flashi ya siku hizi inakuangalia tu."

Tecla alifunga daftari. Alimkamata, akamlaza kituoni kwa jirani zake wa Biharamulo, na Ijumaa alfajiri akaondoka naye. Gozbert alikataa kuliacha sanduku, na Tecla naye alikuwa amekwisha kuliona kuwa ushahidi, kwa hiyo pingu alizifunga kwa mbele ili mtuhumiwa aweze kulikumbatia. Watu wa Nyakahura waliopaki malori kando ya barabara waliona pikipiki ya polisi ikipita, mtu wa nyuma amefungwa pingu na amebeba sanduku la shule, na walidhani ni mwalimu.

Saa nne asubuhi walikuwa Mugoma. Sista Speciosa alimwona Gozbert akishuka, akaona vipande vinne vikiwekwa mezani kimoja baada ya kingine. Febronia ndiye aliyelia.

"Sista," alisema Tecla, "huyu anasema alikuomba mara tatu."

"Aliomba."

"Jana ulinijibu vingine."

"Nilikujibu ukweli," alisema Sista. Kisha akashusha pumzi. "Lakini niliuchagua. Nitaungama, afande, lakini siyo kwako."

"Sawa. Na sasa kuna nakala hii. Ukiiweka ndani ya kompyuta, kichwa kinapatikana."

Sista aliitazama ile CD nyeupe bila kuigusa. Alikuwa mtu wa msimamo, na kila mtu chumbani aliona msimamo ukipigana na kasula iliyotandazwa mezani. Akaenda kabatini, akatoa kijitabu kidogo cha Kiingereza kilichokuwa kimekuja na CD, akakifungua ukurasa wa mwisho, akasogeza miwani.

"Nakusomea mwenyewe, usije ukasema naikaza roho bure. Imeandikwa hivi: ni marufuku kunakili programu hii, yote au sehemu yake, kwa namna yoyote ile."

"Endelea."

"Nimefika mwisho wa ukurasa."

"Geuza."

Sista aligeuza. Ukurasa wa nyuma ulikuwa umegandana na jalada, ikabidi autenganishe kwa ukucha. Akasoma kimya. Akavua miwani, akaifuta kwa shela yake, akaivaa, akasoma tena.

"Inasema nini?" aliuliza Febronia.

"Inasema," sauti ya Sista ilikuwa ndogo kuliko ya Febronia, "isipokuwa nakala moja, ambayo mwenye CD anaruhusiwa kuitengeneza kwa ajili ya akiba."

Hakuna aliyecheka. Gozbert alitazama pingu zake. Kwa miaka kumi na tano Sista Speciosa alikuwa ameutii ukurasa mmoja.

"Moja," Sista alirudia, akipata nguvu. "Siyo mbili."

Hapo Tecla aliona tatizo, na lilikuwa lake. Alikuwa ameanza kujaza hati ya kukamata mali. CD ile nyeupe ilikutwa kwa mtuhumiwa, hivyo ilikuwa kielelezo, na kielelezo hukaa kituoni mpaka kesi iishe.

"Kesi inaishaga lini?" aliuliza Febronia.

"Ya mbuzi wa Kabanga ina mwaka wa tatu."

"Naweza kuchoma nyingine sasa hivi," alisema Gozbert. "Moja ya mahakama, moja ya kazi."

"Moja," alisema Sista.

Tecla aliweka kalamu chini. Akatoka nje, akasimama kwenye jua, akarudi. Alipokaa tena alikuwa na uso wa mtu aliyerudi kwenye kazi anayoijua.

"Ng'ombe ameibwa akiwa na mimba," alisema. "Amezalia kwa mwizi, halafu amekufa. Ndama ni wa nani?"

"Wa mwenye ng'ombe," walisema wote wanne, hata Frednand wa mjini.

"Anakaa kituoni mpaka kesi iishe?"

"Atakufa," alisema Febronia.

"Kwa hiyo anakabidhiwa mwenyewe kwa maandishi." Akavuta hati, akaandika na huku akitamka: "Mali iliyoibwa, CD moja. Imepatikana, vipande vinne, inabaki polisi. Nakala moja, iliyozaliwa Nyakahura mwezi wa pili, imekabidhiwa kwa mlalamikaji. Sista, saini hapa."

Sista akasaini. Tecla akamfungua Gozbert pingu, kwa sababu Frednand alikiri mbele ya watu kwamba hajawahi kuingiza programu kwa CD maishani mwake.

Ulimi wa kompyuta ulitoka, CD ikawekwa, ulimi ukarudi. Sauti ya kuzunguka ilianza chini, ikapanda. Mstari wa bluu ukaanza kujaa kwenye kioo. Ulipofika nusu ulisimama. Karakana yote ilisimama nao. Gozbert aliinama, akaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta, akasikiliza, akasema, "Inasoma. Mwacheni asome." Dakika nzima ikapita. Mstari ukasogea.

Febronia ndiye aliyefanya kilichobaki. Aliitandaza kasula kwenye fremu, akaishusha sindano kwa mkono mpaka ikagusa uzi wa mwisho wa shingo, akaisogeza kidogo kushoto, akaishusha tena, akatafuta picha ya mwanakondoo kwenye kioo na kuruka mpaka sehemu ya kichwa. Kisha akabonyeza. Mashine ikapiga kelele yake ya zamani, na sikio la kwanza likaanza kutokea.

Sista Speciosa alimtazama Gozbert. "Nimekusamehe," alisema.

"Kusamehe ni kanisani," alisema Tecla. "Kufuta malalamiko ni kwa fomu. Utakuja nayo kituoni Jumatatu."

"Nitakuja nayo Jumatatu. Na wewe, Gozbert, hilo sanduku lako linalala wapi?"

"Chini ya meza, Sista."

"Kibanda cha mbao? Mvua ikivuja?" Alifungua kabati, akahamisha vitambaa vya rafu nzima ya juu, akavilundika mikononi mwa Frednand. "Utachoma za kuweka hapa pia. Zile ambazo vijitabu vyake vinaruhusu. Nitavisoma vyote, pande zote mbili."

Simu ya Tecla iliita. Alikuwa Mkuu wa Kituo, kutoka Ngara, na alikuwa na haraka.

"Sajenti, mwizi umempata?"

"Nimempata, afande. Yuko hapa, ameshika uzi."

"Na mali?"

"Imevunjika vipande vinne."

"Basi hakuna mali."

"Ipo, afande. Inashona kichwa."

Haraka ya Mkuu wa Kituo ikaisha. Sauti yake ikalainika.

"Tecla, hebu niambie. Tangu jana umekula?"

"Bado, afande," alisema Sajenti, akiinama karibu na sindano pamoja na wenzake. "Tunasubiri jicho."